Mtandao ukikatika Malaba, kazi yako inabaki wapi?

Lori linalotoka Mombasa likielekea Kampala hufika Malaba likiwa limekula zaidi ya kilomita 900 za lami. Dereva ana vumbi hadi kwenye kope, tanboi wake amejikunja usingizini, mbele yao kuna foleni na nyuma yao kuna foleni. Ukiwauliza kinachowachelewesha, yamkini watakutajia neno ambalo madereva wa miaka ya sabini waliopita njia hii hawakulijua kabisa: sistimu.

Sisi wa mijini pia tunalijua. Benki tunaambiwa sistimu imelala. Hospitalini tunaambiwa turudi kesho. Mwanafunzi anayejisajili chuoni hutazama kiduara kikizunguka kwenye kioo mpaka macho yakamchoka. Lakini ni wachache wanaouliza swali la pili: hiyo sistimu inaishi wapi hasa? Je, imo ndani ya kompyuta iliyo mezani, au kompyuta ile ni dirisha tu la kuchungulia kitu kilichoko Nairobi, Kampala au hata ng'ambo?

Wataalamu wa kompyuta wamebishana kuhusu jambo hili kwa miaka mingi. Wako wanaosema programu za mezani zijengwe kwa njia ya wavuti, zifunguliwe kwa kivinjari kama vile Chrome au Firefox. Wako wanaoshikilia kwamba programu ya kweli ni ile iliyowekwa ndani ya mashine yenyewe, ikizungumza lugha ya mashine hiyo. Ukiwasikiliza wakiwa ofisini kwenye stima ya uhakika, utadhani ni ubishi wa mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Hapa mpakani ubishi huo una uzito wa ndizi zinazoiva, mayai yanayooza na dereva anayelala kabini usiku wa pili.

Chakula cha nyumbani na cha hotelini

Hebu tuanze kwa mfano wa jikoni. Programu iliyowekwa ndani ya kompyuta ni kama kupika nyumbani. Sufuria ni yako, jiko ni lako, unga umo kabatini. Hata mvua ikinyesha na barabara ikakatika, utasonga ugali wako na watoto watakula. Lakini pia kuosha vyombo ni juu yako, na chumvi ikiisha hakuna wa kukuletea.

Programu ya wavuti ni kama kula hotelini. Huhitaji sufuria wala kuni. Unaingia, unaketi, unaagiza, na chakula kinaletwa kutoka jikoni ambako hukuruhusiwa kukanyaga. Mpishi akijifunza mapishi mapya asubuhi, wateja wote wanayafaidi mchana. Ila siku barabara ya kwenda hotelini ikifungwa, utalala njaa hata kama mfuko umejaa pesa.

Kivinjari ndicho kiti chako pale hotelini. Kilichoandikwa humo, vibonyezo, visanduku vya kujaza, orodha za kuchagua, vyote huletwa kutoka kompyuta kubwa iitwayo seva. Unapobonyeza "wasilisha", ulichoandika husafiri kwenda huko na jibu hurudi. Programu ya ndani hubeba vibonyezo vyake yenyewe. Inaweza kuzungumza na seva ikitaka, lakini haihitaji ruhusa ya seva ili ifunguke.

Meza mbili katika ukumbi mmoja

Twende sasa mpakani. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia. Malaba nayo ina kituo cha aina hiyo. Maana yake ni kwamba msafiri au lori halisimami tena mara mbili, upande huu kisha upande ule. Anayeingia Kenya hupita upande wa Uganda na kushughulikiwa upande wa Kenya, ambako maafisa wa nchi zote mbili wameketi ndani ya jengo moja. Anayeingia Uganda hushughulikiwa upande wa pili kwa utaratibu huo huo.

Kwa hivyo ukiingia ukumbi wa upande wetu utawakuta afisa wa forodha wa Kenya na mwenzake wa Uganda hatua chache tu kutoka meza hadi meza. Karatasi za mzigo ni zile zile. Lakini kompyuta zao hazikulelewa na mama mmoja.

Uganda ilifuata njia ya ASYCUDA. Huu ni mfumo wa forodha uliobuniwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia biashara na maendeleo lenye makao yake Geneva. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1981 kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi, na leo mfumo huo umetumika katika nchi na maeneo zaidi ya 100. Uganda ilikuwa na toleo la ASYCUDA++, kisha kuanzia mwaka wa 2012 ikahamia ASYCUDA World. Toleo hili liliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na lilikuja likiwa programu yenye madirisha yake yenyewe, menyu zake na njia zake za mkato za kibodi. Linazungumza na seva kupitia mtandao, lakini waliolibuni walisema tangu mwanzo kwamba walikuwa wakifikiria nchi ambazo mawasiliano yake hukatika, ili mtumiaji aweze kuendelea na kazi yake hata mtandao unapoyumba.

Kenya ilifuata njia nyingine. Mwezi wa Julai 2005 Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilianzisha mfumo ulioitwa Simba, uliotokana na GAINDE, mfumo wa forodha wa Senegal. Simba alinguruma kwa zaidi ya mwongo mmoja. Alikuwa pia na siku zake za kulala, na mawakala wa forodha wa Mombasa na wa huku mpakani walilalamika hadharani kila alipolala. Mwishoni mwa miaka ya 2010 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na iCMS, mfumo unaofunguliwa kwa kivinjari. Mwaka wa 2014 ulikuwa tayari umezinduliwa mfumo wa TradeNet unaosimamiwa na KenTrade, ambao mwagizaji hupitishia vibali vya idara mbalimbali. Huo nao ni wa kivinjari.

Si ajabu kwamba mabadiliko hayo yalikuja wakati huo. Kabla ya mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti, na bei yake ilikuwa ya kukaba koo. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka huo, mtu wa Malaba naye, baada ya muda, alianza kuamini kwamba ukurasa utafunguka. Bila imani hiyo huwezi kumwambia afisa wa mpakani aache programu iliyo ndani ya mashine yake aende kuitafuta Nairobi kila asubuhi.

Ujanja wa kijana wa saiba

Nitakwambia jinsi nilivyolijua jambo hili mwenyewe, na halikuhusu malori hata kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Busia na fomu ya maombi ya taasisi ambayo sitaitaja. Ilikuwa siku ya mwisho. Nikaingia katika saiba moja karibu na stendi ya matatu, nikafungua ukurasa, nikaanza kujaza. Shule nilizosoma, kazi nilizofanya, wadhamini, halafu insha ya maneno mia tano kujieleza mimi ni nani. Niliandika kwa saa nzima na jasho likinitoka. Nilipobonyeza "wasilisha", ukurasa ukageuka mweupe kama shuka la hospitali. Mtandao ulikuwa umekatika. Uliporudi, visanduku vyote vilikuwa vitupu.

Kijana wa saiba hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha babu yake kutumia simu, kwamba hakuna anayeandika moja kwa moja kwenye ukurasa. Kwanza fungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia iliyomo ndani ya Windows. Andika yote humo, hifadhi, kisha nakili kipande kwa kipande ukabandike kwenye kivinjari. Mtandao ukikatika mara kumi, maandishi yako yamo kwenye mashine yakikusubiri.

Kijana yule alikuwa ameutatua ubishi wa wataalamu bila kujua kwamba upo. Aliipa programu ya ndani kazi ya kufikiri na kuandika, akaiachia wavuti kazi ya kupeleka.

Sikujua wakati huo kwamba serikali nayo ilikuwa na fikra kama zake. Anayewasilisha ripoti ya ushuru kupitia iTax, mfumo wa KRA wa kodi za ndani, anaijua ile fomu ya Excel. Unaipakua kutoka kwenye ukurasa, unaifungua ndani ya kompyuta yako, unaijaza ukiwa umeketi kitini kwako bila mtandao wowote. Ndani yake kumefichwa maagizo madogo yanayokagua hesabu zako. Ukikosea hukuonyesha kosa liko wapi. Ukimaliza, hutengeneza faili moja iliyofungashwa, na ni hapo tu unapohitaji mtandao ili uipandishe. Liko pia toleo la wale wasiotumia Excel. Na kwa mfanyakazi ambaye mapato yake ni mshahara pekee, ipo fomu fupi ya kujazwa kwenye ukurasa wenyewe.

Watu huisema sana fomu hiyo ya Excel. Inakasirisha, inadai uruhusu yale maagizo ya ndani, na kompyuta nyingine huigomea. Mimi huitetea. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Malaba mwenye ankara mia tatu za mwezi hawezi kuzijaza moja moja kwenye ukurasa unaoweza kugeuka mweupe wakati wowote.

Siku viwango vilipobadilika

Msomaji asidhani kwamba naipigia debe programu ya ndani peke yake. Liko jambo ambalo wavuti hulifanya vizuri mno, na forodha ndiyo inayolionyesha waziwazi.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina jedwali moja la ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya jumuiya. Kwa miaka mingi lilikuwa na ngazi tatu kuu: asilimia 0, 10 na 25. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, kwa bidhaa kadhaa ambazo viwanda vya hapa vinaweza kuzitengeneza. Siku hiyo hiyo orodha yenyewe ya bidhaa na nambari zake ilifuata toleo jipya la kimataifa la mwaka 2022. Kwa ufupi, mtu aliyelala tarehe 30 Juni akijua nambari za bidhaa zake, aliamka na nyingine zimehama.

Sasa fikiria kama jedwali hilo lingekuwa limefungiwa ndani ya kila kompyuta ya kila wakala kuanzia Mombasa hadi Malaba. Mmoja amesasisha, mwingine hajasasisha, wa tatu yuko matangani. Mzigo uleule ungekadiriwa kwa bei tatu tofauti, na mwenye kuumia angekuwa mteja. Jedwali likikaa kwenye seva, hubadilishwa mara moja usiku wa manane na kila mtu anaamkia jipya. Mpishi amebadilisha mapishi, wateja wote wanakula sawa.

Programu ya ndani ina ugonjwa wake mwingine, nao ni uzee. Iliyoandikwa kwa Java ilitegemea Java iwe imewekwa kwenye kompyuta. Chrome iliacha kabisa kuruhusu Java kuendeshwa ndani ya kurasa mnamo Septemba 2015. Septemba 2018 kampuni ya Oracle ikaiondoa katika Java mpya ile njia rahisi ya kuzindua programu kutoka kwenye ukurasa. Basi utaona katika ofisi nyingi, si za forodha peke yake, kompyuta moja yenye Java ya zamani ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, mithili ya kuku anayeatamia.

Lakini wavuti nayo huzeeka. Zilikuwapo kurasa za serikali na benki zilizokubali kufunguka kwa Internet Explorer tu. Microsoft ilipoistaafisha programu hiyo tarehe 15 Juni 2022, kurasa hizo zilibaki yatima. Anayekuambia kwamba kilichojengwa kwa wavuti hufunguka popote milele, mwambie akaulize waliokuwa makarani wakati huo.

Busia, nyuma ya kaunta

Malaba ni mji wa malori na reli. Busia ina malori pia, lakini roho yake ni biashara ndogo: samaki, ndizi, mitumba, viatu vya plastiki, akina mama wenye vikapu na vijana wa baiskeli. Neno bodaboda lenyewe huhesabiwa kuwa zao la mpaka huu, kutokana na wale waliokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine.

Hapa swali letu linaingia dukani. Mwaka wa 2023 KRA ilizindua eTIMS, mfumo ambao kwa huo kila ankara ya mauzo hupelekwa kwa mamlaka hiyo kwa njia ya kielektroniki. Sheria ni moja, lakini ukiuchungulia utaona kwamba mfumo umevaa nguo nyingi. Kuna ukurasa wa kufungua kwa kivinjari. Kuna programu ya kuweka ndani ya kompyuta ya Windows au simu ya Android. Kuna njia ya kuunganisha programu ya hesabu ya kampuni na KRA moja kwa moja, na hapo tena kuna aina mbili: moja ni ya wale walio mtandaoni wakati wote, nyingine ni ya wenye ankara nyingi ambao pengine hawako mtandaoni kila dakika. Na kwa mfanyabiashara mdogo kuna *222#, anayobonyeza hata kwenye simu ya kabambe.

Ukivuka upande wa pili utakuta jambo kama hilo. Mfumo wa Uganda wa ankara, EFRIS, ulioanza kazi kwa lazima Januari 2021, nao una ukurasa wa wavuti na programu ya kuweka kwenye kompyuta. Wenye maduka wa Kampala walifunga milango Aprili 2024 kuupinga, ingawa ugomvi wao mkubwa ulihusu kodi na faini kuliko vioo vya kompyuta.

Kwa nini mamlaka moja ijisumbue kuushonea mfumo mmoja nguo nyingi hivyo? Kwa sababu wateja wake hawafanani. Mwenye supamaketi hawezi kufungua ukurasa kwa kila pakiti ya maziwa. Fundi wa kushona nguo naye hana haja ya kununua kompyuta kwa ajili ya ankara mbili za juma. Na mpakani kuna kisa cha ziada: simu na modemu hunasa mawimbi ya nchi jirani. Wengi hapa hubeba laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Anayetegemea bando asipoangalia, kivinjari chake kitavuka mpaka bila pasipoti, na bei ya data itamkumbusha.

Halafu kuna mizani. Lori likipanda kwenye mizani ya barabarani, vipima vilivyo chini ya chuma hutuma nambari kwa kebo hadi kwenye kompyuta iliyo kibandani. Lazima iwepo programu ndani ya kompyuta hiyo inayoisikiliza kebo. Ukurasa wa wavuti kwa desturi haukuruhusiwa kugusa nyaya za mashine yako, na hiyo ni salama yetu sote. Fikiria kila tovuti unayopitia ingeweza kuamuru printa na kamera yako. Chrome ilianza mwaka wa 2017 kuruhusu kurasa kuzungumza na vifaa vya USB kwa idhini ya mtumiaji, lakini penye mizani, visoma alama za vidole na printa za risiti, programu ya ndani bado ndiyo mwenye nyumba.

WhatsApp iliyobadilisha nguo mara tatu

Huenda msomaji wa Buruburu au Kongowea anajiuliza yote haya yanamhusu nini. Basi tazama WhatsApp iliyo kwenye kompyuta yako, ambayo mawakala wa Malaba pia huitumia kutwa kupokea nakala za stakabadhi kutoka Mombasa.

Mwaka wa 2016 WhatsApp ilitoa programu ya kompyuta za mezani. Ilionekana kama programu ya ndani: ina alama yake, ina dirisha lake. Kumbe ilikuwa ukurasa wa wavuti uliovishwa ganda. Ganda hilo huitwa Electron, lilitokea mwaka wa 2013 katika kampuni ya GitHub, na ndani yake kuna kivinjari kizima kilichofichwa. Mwaka wa 2022 wenye WhatsApp wakatoa programu ya ndani halisi kwa ajili ya Windows, na watu wakaifurahia kwa wepesi wake. Mwaka wa 2025 wakabadili nia tena, wakaanza kurudisha toleo la Windows kwenye ukurasa uliovishwa ganda, safari hii ganda la Microsoft.

Kwa nini kampuni tajiri kiasi hicho irudi nyuma? Hesabu yenyewe si ngumu. Programu ya ndani ya Windows ni kazi moja, ya Mac ni kazi nyingine, na kila moja inahitaji mafundi wake. Ukurasa mmoja hutumika kote. Kampuni huokoa mishahara, na gharama hiyo haiyeyuki: anailipa mwenye kompyuta kwa kumbukumbu ya mashine yake, ile RAM. Kivinjari kilichofichwa hula kumbukumbu kama kivinjari cha wazi. Fungua programu tatu za aina hiyo pamoja na Chrome yenye kurasa kumi, na kompyuta ya mtumba ya GB 4 uliyomnunulia mwanao wa chuo itaanza kuhema kama lori linalopanda Timboroa.

Sisemi kwamba ganda ni ovyo siku zote. Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo ambayo wanafunzi wengi wa kompyuta wanaitumia, ilitolewa mwaka wa 2015 na imejengwa juu ya Electron hiyo hiyo. Inafunguka bila mtandao, faili zako zinakaa kwenye mashine yako, na ukizima modemu inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale mashabiki wa pande mbili. Wao hutazama vibonyezo vimechorwa kwa kitu gani. Mimi, tangu siku ile ya saiba, huuliza maandishi yangu yako wapi kabla sijabonyeza "wasilisha". Na ukurasa wa wavuti hauna udhuru siku hizi. Vivinjari vina ghala yake ndogo ya kuhifadhi data ndani ya mashine, na tangu mwaka wa 2015 Chrome imekubali njia ya kuufanya ukurasa ufunguke hata mtandao ukiwa umekufa. Fomu ile iliyoninyang'anya insha ingeweza kunihifadhia kila neno pale pale nilipoketi, kwa mistari michache ya msimbo. Hakuna aliyejisumbua kuiandika, pengine kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa na mtandao usiokatika na hakuwahi kumwona mtu wa Busia akitoka jasho.

Nawaambia hivyo wanafunzi wanaosomea kazi hii na ambao kesho watapewa kandarasi za kaunti, za hospitali na za forodha. Mkishamaliza kujenga, ng'oeni waya wa mtandao katikati ya ukurasa wa sita mtazame kinachobaki. Kisha pandeni basi mje mjaribu huku Jumatatu asubuhi.

Gharama ya kusimama mpakani watu wa huku wanaijua. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, madereva walisubiri majibu ya vipimo na foleni ya malori ikarefuka makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Januari 2022 ikarudia, madereva walipogomea ada ya kupimwa upande wa Uganda. Kompyuta hazikuwa na kosa mara hizo mbili. Lakini kila aliyeziona foleni zile, na vijiji vilivyojaa madereva wasio na choo wala maji, anaelewa saa tatu za kusubiri seva iamke zinazaa nini zikizidishwa kwa malori mia kadhaa.

Kuna kifaa kimoja ambacho huwa nakitazama kila ninapopita barabara ya Bungoma kwenda Malaba. Ni kufuli ya kielektroniki inayofungwa kwenye mlango wa kontena la mzigo unaopitia tu Kenya, chini ya mpango wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda wa kufuatilia mizigo. Afisa huitazama safari yake kwenye ramani ndani ya kivinjari. Lakini kwa kawaida vifaa vya aina hiyo havingoji kivinjari. Lori likipita bondeni pasipo na mawimbi, kifaa kinaandika mahali kilipo na saa, kinajiwekea. Likipanda mlima na mnara wa simu ukaonekana, kinatuma yote kwa pamoja, na kwenye ramani nukta zilizokosekana hujipanga moja baada ya nyingine kama siafu wanaorudi njiani.